Mpishi Aliyeacha Kununua Ningu

Ukifiwa hapa Oyugis, au ukiwa na harusi, jina la Zilpah Aloo litatajwa nyumbani kwako kabla hamjakubaliana ni nani atakayekodi turubai. Watu humwita Mama Liz, kwa jina la bintiye mkubwa. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyependa kuharakishwa. Hufika na sufuria zake, miiko yake na wanawake wake, akafunga leso kiunoni, na kuanzia hapo wenye nyumba huwa wageni katika jiko lao wenyewe.

Kupika anajua, lakini wapishi wazuri tunao wengi. Kilichompa jina ni namna anavyonunua. Sokoni hana haraka. Atainua kabichi aipime kwa mkono, atakwaruza kiazi kwa ukucha, atainusa samli mpaka mwenye kuiuza aanze kuona haya. Mbuzi hamnunui bila kuuliza ametoka zizi la nani na kwa nini anauzwa. Wachuuzi humlalamikia wakiwa wenyewe kwa wenyewe, halafu humwekea vitu vizuri chini ya meza, kwa sababu akinunua hununua kwa gunia, na akiridhika hurudi.

Zilpah alizaliwa Rusinga, ng'ambo ya Mbita, akakua akila samaki wa ziwani: ngege, mbuta na omena. Ningu hakumjua. Alikuja kumjua alipoolewa na Cliff, fundi wa pikipiki hapa mjini, na kuingia chini ya mkono wa mama mkwe wake, Kezia. Kezia aliolewa kutoka Nyatike, kule Migori, mto Kuja unakomwagika ziwani, na kwa watu wa huko ukisema samaki wanakuelewa umesema ningu. Sehemu kubwa ya mwaka samaki huyu hukaa ziwani karibu na mdomo wa mto. Mvua ndefu zikianza na maji yakawa mekundu, hupanda mto kwa makundi kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Wakati huo huwa amenona, tumbo limejaa mayai, na huo ndio wakati ambao watu humtaka.

Kezia alimfundisha mkamwana wake kazi yote. Ningu anapasuliwa mgongoni, anakaushwa kwa moshi wa taratibu, kisha anachemshwa kwa maziwa na samli, na mayai yanatiwa mwisho moto ukiwa umepunguzwa.

"Usikoroge, nyar Rusinga," Kezia alikuwa akimwambia. Nyar Rusinga ni binti wa Rusinga, na hajawahi kumwita jina lingine. "Ukikoroga atavunjikavunjika, na mifupa yake ni mingi. Utaua watu."

Mchuzi huo ndio uliomtoa Zilpah kwenye mafiga ya nyuma ya nyumba na kumweka mbele ya watu. Wazee waliokuwa wamesahau ladha yake waliuonja kwenye matanga wakaomba waongezewe. Vijana waliokulia Nairobi wakauliza ni nini hiki. Baada ya muda, shughuli kubwa ikawa haijawa kubwa mpaka kwenye meza ya wazee kuwe na ningu wa Mama Liz.

Samaki wenyewe walitoka kwa Caleb, mtoto wa kaka yake Kezia, mwanamume wa makamo anayevua na kulima huko Nyatike, karibu na mdomo wa mto. Yeye humwita Kezia waya, yaani shangazi. Zilpah alikuwa akipiga simu, na gunia likaja likiwa limefunikwa majani mabichi. Miaka ilivyokwenda, Caleb alianza kuomba muda zaidi. Samaki nao wakaanza kuja wadogo. Zilpah aliona hayo kama mnunuzi anavyoona: akamgombeza Caleb kwa kumletea vidogo, akamwambia atafute vizuri, na Caleb akatafuta vizuri.

Kisha akafa mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mtu aliyesomesha nusu ya watu wa Kasipul, eneo letu hili. Watoto wake walikuja kutoka mbali, na walitaka kila mgeni atakayekaa kwenye turubai kubwa apewe ningu, siyo wazee peke yao. Ilikuwa mwanzo wa mvua. Zilpah alimpigia Caleb.

"Nahitaji wengi kuliko siku zote," alimwambia. "Na usikose, Caleb. Hii ni kazi ya heshima."

"Sitakosa," Caleb alisema.

Kwa sababu oda ilikuwa kubwa namna hiyo, Zilpah hakutaka kuletewa vitu asivyoviona. Alikodi pikapu akateremka mwenyewe mpaka Nyatike, pamoja na Mong'ina, mwanamke wa Kisii aliyeolewa Oyugis ambaye wamepika pamoja tangu sufuria yao ya kwanza kubwa. Zilpah hakuwa amewahi kufika mtoni wakati wa kuvua. Alikuwa amefika nyumbani kwa kina Caleb tu, mara za msiba, akala na kurudi.

Mto ulikuwa umejaa. Ulipita mwekundu katikati ya mafunjo, mpana, ukibeba magogo na mapovu. Na kutoka ukingo huu mpaka ule kulikuwa na wavu. Nyuma ya wavu huo kulikuwa na mwingine, na nyuma yake mwingine, zimefungwa kwenye miti iliyopigiliwa matopeni, mpaka mahali mto unapopinda macho yakashindwa kufuata. Pembeni, kwenye majani yaliyofurika, wanaume walikuwa wamesimama ndani ya maji mpaka mapajani wakiinua migono, ile mitego ya kusuka, na kuikung'utia ndani ya mitumbwi. Samaki walikuwa wakiruka juu ya maji wakijigonga kwenye nyavu na kurudi, na kuruka tena.

"Hizi nyavu zote ni za nani?" Zilpah aliuliza.

"Za watu," Caleb alisema. Alikuwa amelowa, na uso wake ulikuwa na furaha. "Wavu wangu mmoja haungetosha. Niliwaambia kuna oda ya Oyugis, wakaja. Wengine hata wametoka Karungu."

"Si huwa hivi kila mwaka?"

"Hapana. Hii ni yako, Mama Liz. Ulisema nisikose."

Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anajivunia kazi aliyomfanyia.

Kwenye ukingo wanawake walikuwa wamekaa wakipasua. Kila tumbo lililofunguliwa lilikuwa na mayai. Waliyachota kwa viganja wakayatia kwenye karai, na karai likijaa linasukumwa kando, linaletwa jingine. Zilpah aliyapenda sana mayai hayo. Alijua yanavyolainika kwenye maziwa, alijua wazee wanaoyaomba kwa jina. Alisimama akiyatazama makarai yale, akamgeukia Caleb.

"Ni wangapi wamepita?"

"Wamepita kwenda wapi?"

"Kule juu. Kutaga."

Caleb aliutazama mto, kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho hakikuwa sehemu ya mazungumzo. "Wakipita," alisema, "tutakupa nini wewe?"

Walipakia pikapu wakaondoka. Mong'ina aliongea njiani juu ya kuni na juu ya wanawake wa kuongezwa kazini, na Zilpah alimjibu kwa neno moja moja. Siku ya mazishi alipika kama kawaida, hakukoroga, na watu wakasifu. Mmoja wa watoto wa marehemu alikuja jikoni kumshika mkono. Zilpah alishukuru. Yeye mwenyewe hakula. Mong'ina alipomwekea sahani, aliifunika akasema atakula baadaye, na baadaye akampa mtu mwingine.

Zilpah hajui kueleza jambo likiwa bado linamzunguka kichwani, kwa hiyo alikaa nalo. Wiki kadhaa zilipita. Siku moja walikuwa wakisugua sufuria nyuma ya nyumba yake, akasema, "Ningu sitanunua tena."

Mong'ina alifikiri ni mambo ya bei. "Tutafute mvuvi mwingine."

"Sio mvuvi. Zile nyavu ni mimi niliyeziweka, Mong'ina. Nilikaa hapa na simu nikaziweka."

"Uliziweka wewe? Wewe hata kuogelea hujui."

"Nisingepiga simu, wangeweka ngapi?"

Mong'ina aliendelea kusugua. Ni mtu wa kusema wazi, na hiyo ndiyo sababu urafiki wao umedumu. "Ukiacha wewe, atanunua mwingine. Na sisi tutabaki na pilau kama kila mtu. Halafu kesho utaniambia makaa nayo mabaya, keshokutwa mikeka ya mafunjo. Tutapikia nini, tutakalia nini?"

"Makaa sijafika," Zilpah alisema. "Nimefika kwa ningu."

Hakutangaza. Aliyekuja kumtaka kazi alimwambia tu kwamba ningu hapiki, lakini ngege yupo, kuku wa kienyeji yupo, na mboga ya osuga iliyopikwa kwa maziwa. Wengine walikubali. Wengine walishangaa, wakaenda kwa mpishi mwingine. Mwaka huo alipoteza shughuli nyingi kubwa, na wanawake wawili katika kundi lake waliondoka kutafuta mpishi mwenye kazi zaidi. Hakuwazuia.

Iliyomuumiza zaidi ilikuwa ya Emmaculate. Emmaculate ni mshonaji nguo pale karibu na stendi, Mkatoliki, mwanamke mpole ambaye Zilpah alimpenda. Alifiwa na mumewe ghafla. Alikuja mwenyewe, kitambaa kichwani, akakaa kwenye kiti cha plastiki uani akasema mumewe alikuwa akiutaja mchuzi ule wa ningu kila walipotoka matangani, akisema siku yake ikifika wageni wake wale huo.

Ilikuwa wakati wa mvua tena. Zilpah alimshika mikono. Alimwambia atampikia kila kitu kingine na hatadai malipo ya mikono yake. Ningu, hapana.

"Ni neno la marehemu, Mama Liz," Emmaculate alisema.

"Najua. Nisamehe."

Emmaculate aliondoka. Mazishi yalipikwa na mwanamke mwingine, ningu wakapatikana, na kwa muda mrefu baadaye Emmaculate alipokutana na Zilpah sokoni alisalimia akitazama pembeni.

Caleb naye alikasirika. Alivumilia msimu mmoja akidhani ni jambo la kupita, kisha akapiga simu.

"Mimi sikuja kwako," alisema. "Wewe ndiye uliyenitafuta. Nilikuwa navua wa kula na wa kuuza hapa sokoni Macalder, wewe ukaniambia niongeze, nikaongeza. Nikanunua wavu. Sasa unaniacha hivi?"

Kila alichosema Caleb kilikuwa kweli. Ilimkaa Zilpah moyoni kuliko maneno ya wateja. Aliona kwamba kuacha kununua ni rahisi kwa anayenunua, kwa kuwa yeye hubadilisha meza tu, lakini yule wa upande wa pili hubaki ameshika kamba ya wavu. Akaanza kumuuliza maswali, kama anavyowauliza wachuuzi. Unalima nini? Mashamba yako yako wapi? Maji yakishuka unapanda nini?

Caleb alikuwa na kipande cha mpunga kwenye tambarare ya chini ya mto, alikokuwa akilima bila moyo sana. Zilpah alisema atanunua mchele wake wote. Na kwa kuwa hakuna harusi Oyugis isiyo na pilau, hilo halikuwa neno dogo.

Mchele wa kwanza aliurudisha. Ulikuwa na mawe, na punje zimevunjika nusu.

"Nakusaidia au unanisaidia?" Caleb alifoka kwenye simu.

"Hakuna anayemsaidia mwenzake. Nataka mchele msafi. Ukiwa msafi nitachukua wote, na nitawaambia wapishi wengine."

Caleb alikata simu. Alikaa miezi bila kupiga. Alipoleta tena, ulikuwa msafi, na aliuleta mwenyewe mpaka mlangoni, akakaa kwenye benchi akimwangalia Zilpah akiuchezesha kwenye ungo. Zilpah aliuchezesha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwishowe akasema, "Sawa," na Caleb akacheka kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze.

Mambo yangeweza kuishia hapo, kila mtu na lake, lakini mvua zilizofuata Kezia aliugua. Malaria ilimpata na uzee ulikuwa umemtangulia. Alilazwa hospitalini, akaruhusiwa, akarudi nyumbani amekonda, asiyetaka uji wala chai. Cliff, mwanawe, alikaa kando ya kitanda akimbembeleza kama mtoto.

"Niambie unataka nini, Mama. Chochote."

"Ningu," Kezia alisema.

Cliff alitoka uani akamkuta mkewe anafua. Hakumwambia kwa ukali. Alisema tu, "Mama amesema anachotaka," na akabaki amesimama.

"Nimesikia."

"Ni mmoja tu, Zilpah. Si lori. Ni samaki mmoja, na mama yangu."

Jioni hiyo Caleb alipiga simu, kwa maana habari za ugonjwa wa waya zilikuwa zimemfikia. Alisema mto umeanza kujaa, samaki wameanza kupanda, na yeye atamletea shangazi yake mmoja mnene. Hatauza. Atampa. Zilpah alimwambia asubiri kidogo.

Tatizo lake halikuwa samaki mmoja. Hata yeye aliona kwamba mto haufi kwa samaki mmoja. Tatizo lake lilikuwa Emmaculate, aliyekaa kwenye kile kiti cha plastiki na neno la marehemu wake, akaambiwa hapana. Kama kwa nyumba ya Zilpah hapana inaweza kugeuka ndiyo, basi Emmaculate alinyimwa bure. Na kila nyumba huwa na mgonjwa anayeombewa chakula. Kila nyumba itasema ni mmoja tu.

Kesho yake hakwenda sokoni. Alikwenda Rongo. Alikuwa amesikia kwa wauza samaki kwamba upande huo kuna mwanamke anayefuga ningu kwenye mabwawa, jambo ambalo wengi hawakuliamini. Aliuliza njia mpaka akafika. Mwanamke huyo aliitwa Joyline Mokeira, na alikuwa na mabwawa kwenye mteremko chini ya migomba, mengi yakiwa ya ngege na kambare. Moja, la mwisho karibu na kijito, lilikuwa la ningu.

"Siuzi," Joyline alimwambia alipojua amefuata nini. "Hawa ni wa kuzalisha. Nimehangaika nao miaka, wanakufa hovyo. Vifaranga ndivyo nitakavyouza, Mungu akijalia."

Zilpah alimweleza habari za Kezia. Kisha, bila kupanga, akamweleza habari za nyavu na za Emmaculate pia. Joyline alisikiliza huku akitupa chakula majini. Alipomaliza, alichukua wavu mdogo wa mpini mrefu akauzamisha, akainua samaki, akamshika kwa kitambaa kilicholowa. Akambonyeza tumbo polepole. Kitone cheupe kama maziwa kikatoka.

"Huyu ni dume," alisema. "Madume ninao wa kutosha. Jike singekupa hata kama mgonjwa angekuwa mama yangu mzazi. Ukifika nyumbani umweke kwenye maji safi mpaka kesho, atoe matope."

Lakini Kezia hakuweza kungoja mpaka kesho, au Zilpah aliogopa kwamba hataweza. Alimpika siku hiyo hiyo, kwa maziwa na samli, bila kukoroga. Mayai hayakuwepo. Cliff alimketisha mama yake, akamwekea mto mgongoni. Kezia alitafuna, akatoa mfupa, akatafuna tena.

"Huyu si wa mtoni," alisema.

"Ni wa bwawani, Mama. Kutoka Rongo."

"Ana matope."

"Ndiyo, Mama."

"Na mayai yako wapi?"

"Ni dume."

Kezia alimtazama mkamwana wake kwa yale macho yake yenye ukungu. Cliff aliinamisha kichwa. Kisha bibi kizee alivuta sahani karibu akaendelea kula, polepole, akilalamika katikati ya kila tonge, mpaka mchuzi ukaisha.

Ikiwa ni samaki, au dawa, au ubishi tu, siwezi kusema, lakini Kezia alipata nafuu. Na alipopata nafuu alianza kuwasimulia wageni. Kila aliyekuja kumjulia hali, na walikuja wengi, alisikia habari ileile: kwamba mkamwana wake, mpishi anayeitwa kila mahali, alimlisha mama mkwe wake mgonjwa samaki dume mwenye ladha ya matope. Aliisimulia kwa raha kubwa. Wageni walimgeukia Zilpah kupata maelezo, naye, aliyekuwa hajatangaza neno kwa mtu, akalazimika kueleza. Siku baada ya siku alieleza, chai mkononi, habari za mto uliokingwa ukingo kwa ukingo, na makarai ya mayai, na samaki wasiopita.

Alasiri moja aliingia Emmaculate. Alikuwa ameleta ndizi. Alikaa karibu na kitanda, akasikiliza masimulizi ya Kezia mpaka mwisho, akacheka palipohitajika kucheka. Alipoaga, Zilpah alimsindikiza mpaka kwenye ua.

"Mama mkwe wako amesema Caleb alitaka kuleta wa mtoni," Emmaculate alisema.

"Ni kweli."

"Bure."

"Bure."

Emmaculate alisimama akishika mlango wa ua. "Mimi nilidhani ulininyima kwa sababu nyumba yangu ni ndogo," alisema. "Nilijua nyumba kubwa zinapata."

"Hapana. Hata siku moja."

"Sasa nimejua." Aliondoka, akageuka. "Wale tuliokula siku ile walikuwa wadogo sana. Niliwaona kwenye sahani nikafikiri, hata mume wangu angeuliza hawa ni nini."

Ni Emmaculate aliyelipeleka jambo hili kwa akina mama wa kanisa lake, ambao hupika mazishi mengi kuliko Zilpah. Wakaja kwake kuuliza. Wakaja na wapishi wengine, hata yule aliyempikia Emmaculate. Hawakuweka sheria. Walikubaliana tu, wakiwa wamekaa kwenye mikeka na Mong'ina akiwamwagia chai, kwamba mvua ndefu zikianza hakuna atakayepokea oda ya ningu, na atakayeulizwa atasema wote wamekataa, ili lawama isimwangukie mmoja. Mong'ina ndiye aliyetoa wazo hilo la lawama. Baadaye alisema wamechoka kupoteza kazi peke yao.

Si wote waliolishika. Mmoja alikamatwa na wenzake akipika ningu kwenye harusi huko njia ya Kendu Bay, akasema walikuwa wa friji. Na kuna wanunuzi wa mahali pengine wanaofika Nyatike na magari yao, wasiomjua Zilpah wala kujali. Lakini Oyugis iliponyamaza, wale waliokuwa wakija kutoka Karungu hawakuja tena. Wavuvi wa pale mdomoni mwa mto, Caleb akiwa mmoja wao, walikaa kikao chao na kuacha upande mmoja wa mto bila nyavu mvua zinapoanza. Caleb anasema ni kwa sababu hapakuwa na soko. Zilpah hampingi.

Mwaka jana mvua zilipokolea, Kezia alisema anataka kupelekwa kwao. Cliff alikataa, akasema barabara mbaya. Kezia akamwambia kwamba yeye ndiye aliyemzaa Cliff, wala si Cliff aliyemzaa yeye. Zilpah alimpeleka. Walilala kwa Caleb, na asubuhi mvua ilipokatika Caleb aliwaongoza mpaka kwenye majani yaliyofurika, akimbeba shangazi yake mgongoni mahali penye matope, kisha akamweka juu ya kichuguu kikavu.

Maji yalikuwa yametulia, ya kina cha goti, majani yamesimama ndani yake. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha majani yakatikisika mahali pamoja, na mahali pengine, mgongo mweusi ukatokea juu ya maji na kuzama. Hawakuwa wengi. Kezia, ambaye haoni vizuri, aligeuza sikio.

"Nawasikia," alisema. "Wako wangapi?"

"Wachache, waya," Caleb alisema. "Mwaka juzi hapa hapakuwa na hata mmoja."

"Zamani tulikuwa tukishindwa kulala kwa kelele zao."

Zilpah alikuwa amechuchumaa, leso yake imelowa upindo, akiwatazama samaki wakipita kati ya majani. Alikuwa amewashika mikononi miaka mingi, akawapasua na kuwakausha, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuwaona wakifanya walichokuja kufanya. Anasema alitaka kuona mayai lakini maji yalikuwa mekundu.

"Hawa hatuchukui?" Kezia aliuliza.

"Hatuchukui, Mama."

Kezia alinyoosha mikono. "Basi tumeona," alisema. "Caleb, nibebe. Miguu inaniuma, na sijanywa chai."